Sesilia

Sesilia ni amfibia wasio na miguu wa oda Gymnophiona. Pamoja na vyura (Anura) na salamanda (Caudata) wanaunda oda tatu za amfibia walio hai leo. Kuna spishi zaidi ya 200 katika kanda za tropiki. Nyingi huishi ndani ya udongo na huonekana hasa watu wakilima.

Maelezo

Mwili wa sesilia ni mrefu na una mikunjo kama pingili, kwa hiyo hudhaniwa kuwa nyungunyungu au nyoka. Lakini nyungunyungu hana mifupa, ilhali sesilia ana uti wa mgongo, meno na fuvu gumu la kuchimbia. Nyoka ana magamba makavu, ilhali ngozi ya sesilia ni laini na yenye unyevu.

Huko Mwanza na kwingineko kando ya Ziwa Viktoria mnyama anayefanana nao ni nyoka kipofu (familia Typhlopidae), ambaye pia huchimba, lakini ni reptilia. Sesilia wa Tanzania wanajulikana kutoka mashariki mwa nchi.

Uainishaji

Mwaka 1758 Carolus Linnaeus aliweka jenasi Caecilia pamoja na nyoka. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini caecus, yaani “kipofu”. Katika miaka ya 1830 Johannes Müller alionyesha kwamba lava wao wana matundu ya matamvua. Kwa hiyo ni amfibia. Mwaka 2011 jenasi Boulengerula ilihamishwa kutoka familia Caeciliidae hadi Herpelidae.

Baadhi ya spishi za Afrika ya Mashariki

* Boulengerula boulengeri: Milima ya Usambara, Tanzania
* Boulengerula niedeni: Kilima cha Sagalla, Kenya, ilielezwa mwaka 2005
* Boulengerula taitana: Milima ya Taita, Kenya, watoto hula ngozi ya nje ya mama yao, yenye mafuta mengi
* Schistometopum gregorii (Dermophiidae): udongo wenye maji karibu na pwani ya Kenya na Tanzania
* Scolecomorphus uluguruensis (Scolecomorphidae): Milima ya Uluguru, Tanzania

Uhifadhi

Sesilia hula nyungunyungu na mchwa, na hawana madhara kwa watu. Hata hivyo, wengine huuawa kwa kudhaniwa nyoka. Spishi inayoishi katika kilima kimoja tu, kama B. niedeni, ikitoweka hapo imetoweka duniani.