Uchaguzi wa Kisomachipu kwa Kuokoa Sauti Zilizorekodiwa Upareni

Watafiti wa lugha watokao mji wa Same kupanda Mbaga, Gonja au Chome, na wale waendao Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, siku hizi hurudi na maneno ya wazee yakiwa ndani ya kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Thamani ya maneno hayo si ya kubahatisha. Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, aliijenga kwa sehemu kubwa juu ya mapokeo ya wazee, zikiwemo habari za Washana, wafua chuma, na Wasuya waliowapokonya utawala wa Ugweno. Msimulizi akifariki, kadi yaweza kubaki shahidi wa pekee. Wala maandishi hayatoshi kuwa badala ya sauti. Maana Chasu, yaani Kipare, ni lugha ya toni, na mwandiko wa kawaida hauzionyeshi toni hizo. Makala haya yaeleza ni chombo gani kifaacho kuisomea kadi iliyokufa.

Neno kisomachipu twalitumia kwa mfano wa kipimajoto. Chombo hiki si kisomakadi kiuzwacho madukani. Kisomakadi huzungumza na kidhibiti, yaani kile kijisehemu cha kadi kinachopanga na kutoa data. Kidhibiti kikiharibika, kadi hunyamaza, ingawa data ingalimo. Kisomachipu hukipita kidhibiti na kuisoma chipu ya kumbukumbu yenyewe. Kwa hiyo yapasa kuuliza kwanza kama kadi imekufa kweli. Ikiwa kompyuta bado yaitambua kwa ukubwa wake sahihi, na faili zimefutwa tu, kisomachipu hakihitajiki. Kadi isiandikwe tena kitu chochote. Inakiliwe nzima, kisha programu kama PhotoRec, itolewayo bure, itafute faili katika nakala hiyo.

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, na aina yake iitwayo NAND ilitangazwa mwaka 1987. Data yake huandikwa katika kurasa. Katika chipu nyingi za zamani kila ukurasa una baiti 2,048 za data na baiti 64 za pambizo. Katika za siku hizi ukurasa waweza kufika baiti 16,384, na pambizo yake kupita 1,000. Pambizoni huwekwa alama za kusahihisha makosa na za kuonyesha mahali pa ukurasa. Aliyepata kushika miswada ya hati za Kiarabu atafahamu upesi: ni kama lile neno liandikwalo chini ya ukurasa kuonyesha ukurasa unaofuata. Kidhibiti huzitawanya kurasa ili chipu isichakae upande mmoja, tena huvuruga data yenyewe kwa kanuni maalumu. Anayeisoma chipu bila kuijua kanuni hiyo hupata rundo la karatasi, hapati kitabu.

Kutokana na hayo, kisomachipu chapaswa kupimwa kwa mambo manne. Kwanza, kisome ukurasa pamoja na pambizo yake. Pili, kiwe na vishikizo vya maumbo mbalimbali ya chipu, kama TSOP-48 na BGA-152. Kadi ndogo sana mara nyingi huwa kipande kimoja, kidhibiti na chipu vikiwa pamoja. Hizo hukwanguliwa juu na kuungwa nyaya nyembamba kwa lehemu, kazi itakayo mkono uliozoea. Tatu, kiweze kubadili volti, hasa kati ya 3.3 na 1.8, na kurudia kusoma kurasa dhaifu kwa vipimo tofauti. Nne, nalo ndilo kubwa, kiambatane na programu izijuayo kanuni za vidhibiti vingi, ambayo watengenezaji wake huendelea kuiongezea kanuni mpya.

Vyombo vya bei nafuu vya kuandikia chipu huweza kutimiza sharti la kwanza, lakini hukwama kwenye la nne. Vinavyotimiza yote ni vile vya kazi hiyo hasa, kama PC-3000 Flash ya ACE Lab, Visual NAND Reconstructor ya Rusolut ya Poland, na Flash Extractor ya Soft-Center. Hata hivyo, simu nyingi za siku hizi hufunga data yake kwa siri. Kuing'oa chipu yake hakufai kitu.

Kwa mtafiti mmoja, kununua chombo hiki hakuna faida. Afadhali kadi yake apewe fundi mzoefu. Chuo kinachohifadhi sauti za watafiti wengi chaweza kukinunua, mradi fundi ajifunze kwanza kwa kadi zisizo na thamani. Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya njia mbili, hertzi 48,000 na biti 24, huchukua takriban gigabaiti moja tu. Kwa hiyo kazi ya siku nzima yaweza kunakiliwa mara mbili jioni ile ile, kabla ya kushuka mlimani. Na kadi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani Same, kwani joto huharakisha kuvuja kwa umeme uliobeba data yenyewe.