Hakuna Regeksi ya Kusoma C

"Mwalimu, nisaidie regeksi ya kuchomoa fanksheni zote kwenye mafaili ya C." Kila msimu wa TFC (kazi ya mwisho ya masomo) hapa Bukavu ombi ni lilelile, na waombaji ni vijana wenye akili zao: huyu anataka Python iite maktaba ya zamani ya C, yule anatafuta jedwali la kujazia kiambatisho. Regeksi hiyo haipo. Wa kuiandika hajazaliwa.

Imani kwamba ipo haifi kwa sababu kwenye faili la mazoezi inafanya kazi: neno, nafasi, neno, mabano, basi. Sasa ipeleke kwenye signal, kama kiwango cha C kinavyoitangaza:

void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);

Jina la fanksheni ni signal. Inapokea namba na kielekezi cha fanksheni, na inarudisha kielekezi cha fanksheni. Regeksi yako haitaiona kabisa. Utaitia kiraka, kisha mabano yatazama tabaka moja zaidi na kiraka kitachanika, maana regeksi halisi haihesabu kina cha mabano. Wakati huohuo, "else if (x) {" itaorodheshwa kama fanksheni iitwayo if, yenye kurudisha aina ya else. Nimeiona katika kazi iliyokwisha kujalidiwa.

Makro ndizo zinazomaliza ubishi. Fungua fs/read_write.c ya kerneli ya Linux, utafute read inaanzia wapi. Utakuta hii:

SYSCALL_DEFINE3(read, unsigned int, fd, char __user *, buf, size_t, count)

Aina na majina vimetenganishwa kwa mikato, na aina inayorudishwa haionekani. Umbo la fanksheni linapatikana makro ikishapanuliwa. Hata "a * b;" huwezi kujua kama ni kuzidisha au ni tangazo la kielekezi mpaka ujue kama a ni aina iliyotangazwa kwa typedef, pengine katika heda ya tatu huko. Siku hizi wananiletea regeksi ndefu kama treni, zilizoandikwa na roboti za mazungumzo. Urefu si dawa.

Kompaila imekwisha kuifanya kazi hii, iulize. Kama mega zako ni za kuhesabu, anza na GCC uliyo nayo tayari: gcc -aux-info orodha.txt faili.c. Itakuandikia matangazo yote pamoja na ya heda, na maoni ya mbele ya kila tangazo yanataja faili na mstari lilikotoka. Herufi F ni ufafanuzi, C ni tangazo tupu. Ukitaka kuandika programu, chukua libclang: pip install libclang inatosha, huna haja ya kupakua LLVM nzima. Tembea mti wa sintaksia, shika FUNCTION_DECL, chuja kwa faili ili usibebe stdio.h yote, tumia is_definition() kutenganisha ufafanuzi na tangazo. Ikilalamika kwamba stddef.h haionekani, ipe kwa -I folda inayotajwa na gcc -print-file-name=include. Ili kupata -I na -D za kila faili, kwa mradi wa CMake washa CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS. Kwa Makefile tumia Bear. Ctags ni ya kuruka ndani ya kodi tu, kwa sababu inakisia.

Tena usisahau kuchapisha diagnostics za libclang. Kwenye Python haizionyeshi yenyewe, na ikikosa heda, aina isiyoifahamu huiweka kama int na kuendelea na safari. Orodha itatoka safi, imejaa int za uongo, na programu yako itaanguka mbele ya wasahihishaji. Zikiwa na kosa hata moja, itupe orodha hiyo na urekebishe -I na -D kwanza.