Msimu wa 2025 wa futboli ya vyuo vikuu Marekani: mambo ambayo wazazi wanapaswa kuelewa



Jamaa nyingi za Kikongo zinazoishi Marekani zimeona kwamba kule neno futboli halimaanishi kabumbu yetu. Ni mchezo mwingine, wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono. Watoto wanaukuta shuleni, na wenye nguvu na mbio wanaitwa katika timu. Kwa hiyo ni vizuri kuelewa msimu wa 2025 wa vyuo vikuu.

Namna unavyochezwa

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Ikifaulu, inapata nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani kunaleta pointi 6.

Ratiba ya msimu

Tarehe 23 mwezi wa nane, Iowa State na Kansas State walicheza Dublin, katika nchi ya Ireland. Tarehe 30, mabingwa wa wakati huo Ohio State waliwapokea Texas. Tarehe 6 mwezi wa tisa, huko Dallas, walikutana Baylor na SMU, vyuo viwili vilivyoanzishwa na makanisa: Baylor na Wabaptisti mwaka 1845, SMU na Wamethodisti mwaka 1911.

Timu nyingi zinacheza mechi 12, hasa siku ya Jumamosi. Kisha kamati inachagua timu 12 zishindanie ubingwa, na fainali ya msimu huo ilikuwa tarehe 19 mwezi wa kwanza 2026, karibu na Miami. Zamani zilichaguliwa timu nne tu. Mpango wa timu 12 ulianza msimu wa 2024, na ndio uliowaokoa Ohio State: walipoteza mechi mbili, hata ile ya mwisho mbele ya wapinzani wao wakubwa Michigan, lakini waliingia na kutwaa ubingwa.

Habari ya pesa

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yapo. Kwa miaka mingi mchezaji alipewa masomo, malazi na chakula, si mshahara. Mwaka 2021 aliruhusiwa kulipwa na makampuni yanayotumia jina na picha yake. Mwezi wa sita mwaka 2025 hakimu alikubali mapatano mapya: kila chuo kinachoingia katika mpango huu kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na katika mwaka wa kwanza jumla haikuruhusiwa kupita dola milioni 20.5 hivi. Pia mchezaji anayefaulu masomo anaweza kuhama chuo bila kukaa nje ya mchezo mwaka mzima.

Ni haki kwamba anayetoka jasho apate sehemu yake. Lakini kijana wa miaka 18 anawekewa mkataba mbele yake, na mara nyingi wazazi wake hawajui vizuri lugha iliyoandikwa humo.

Mfano wa mtoto wa Kinshasa

Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Québec, nchini Canada. Mwaka 1995, akichezea Michigan, alikimbia yadi 313 katika mechi moja, na Ohio State, waliokuwa hawajashindwa msimu ule, wakaanguka. Mwaka uliofuata timu ya kulipwa ya Carolina ilimchukua akiwa chaguo la nane. Lakini baada ya mechi chache tu aliumia goti, na msimu wake wa kwanza ukaishia hapo. Alirudi kucheza baadaye. Wengine hawarudi.

Mzazi aulize nini?

Kabla ya kutia sahihi, uliza: Mtoto akiumia, masomo yake yataendelea kulipiwa? Atasoma nini, na atapata muda wa kusoma? Kodi ya pesa hizo italipwa na nani? Akihama chuo, masomo aliyokwisha kumaliza yatakubaliwa kule aendako? Tafuta mtu anayejua sheria akusomee mkataba wote, si ukurasa wenye hesabu ya pesa peke yake.

Tuwashangilie vijana wetu siku ya Jumamosi. Lakini Jumatatu tuwaulize pia habari za darasani, kwa sababu goti linaweza kuvunjika, lakini diploma inabaki.