Kutoka Chuoni Hata Chuo Kikuu: Watoto wa Kwale Hupotelea Wapi?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Pwani ya Kusini, tangu Waa hata Vanga, hukaa zikingoja habari. Penye ushindi akina mama hupiga vigelegele, na wajomba huanza kuulizana habari za karo na nauli. Penye kushindwa mlango hufungwa mapema. Lakini iko nyumba ya tatu, ambayo siku hiyo hakuna mtu apitaye kuiuliza neno. Humo mna kijana wa umri ule ule ambaye hakushinda wala hakushindwa, kwa kuwa hakuingia kabisa katika chumba cha mtihani.

Nyumba hiyo ya tatu ndiyo impasayo kuiangalia kila mtu ajaliye maendeleo ya Kwale. Watu hulinganisha Kwale na sehemu za Bara kwa alama tu, nao husema ya kwamba watoto wa huku ni wazito. Maneno hayo si ya haki, na hesabu yake haikukamilika.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani wa Kidato cha Nne, ujulikanao kwa herufi KCSE, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Daraja la juu ni A, lenye pointi 12, na la chini kabisa ni E, lenye pointi 1. Anayetaka kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja hana budi kupata wastani wa C+, yaani pointi 7, ama zaidi. Aliyepungukiwa na hapo aweza kwenda katika vyuo vya ufundi na vya stashahada, lakini mlango wa shahada humfungia kwa wakati huo.

Mlango huo si wenye upana ule ule kila mwaka. Katika mtihani wa mwaka 2016, ambao ulisimamiwa kwa ukali mwingi ili kukomesha wizi wa karatasi, waliopata C+ na zaidi katika Kenya nzima walikuwa 88,929. Mwaka uliofuata walipungua hata wakawa 70,073. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2024, yaliyotangazwa na Waziri wa Elimu, Bw. Julius Ogamba, mwezi wa Januari 2025, yalionyesha ya kwamba watahiniwa 246,391 walifika C+ na zaidi kati ya 962,512 waliofanya mtihani. Huyo ni mmoja katika kila wanne.

Wengine watauliza, je, watoto wameerevuka mara tatu katika miaka saba? Sivyo. Tangu mwaka 2023 kanuni ya kujumlisha alama ilibadilishwa. Siku hizi huhesabiwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Basi kabla ya kusifu au kulaumu, yafaa mtu aulize kwanza alama zimepatikanaje, na ni nani aliyehesabiwa.

HESABU YA VIJIJI VIWILI

Tuseme kwa mfano kwamba viko vijiji viwili, na katika kila kimoja watoto 100 waliingia darasa la kwanza mwaka mmoja. Katika kijiji cha kwanza watoto 60 walidumu hata Kidato cha Nne, na 15 wakapata C+. Katika kijiji cha pili walidumu 20 tu, na 6 wakapata C+. Ukihesabu waliofanya mtihani peke yao, kijiji cha pili kimeshinda, maana waliofaulu ni 30 katika kila mia, na kile cha kwanza ni 25 katika kila mia. Lakini ukihesabu watoto wote waliozaliwa na kuanza shule pamoja, kijiji cha kwanza kimepeleka 15 Chuo Kikuu, na cha pili 6. Ni mzazi gani mwenye akili atakayechagua ushindi wa kijiji cha pili?

Jambo hili limeonekana hata katika nchi kubwa. Huko Marekani umo mtihani wa kuingilia vyuo uitwao SAT. Kwa miaka mingi, katika baadhi ya majimbo ya katikati ya nchi ile, wanafunzi wengi walifanya mtihani mwingine uitwao ACT, na SAT ikafanywa na wachache hodari waliotaka vyuo vya mbali. Wastani wa SAT wa majimbo hayo ukawa juu sana. Katika majimbo ambako karibu kila mwanafunzi huketi mtihani huo, wastani ulikuwa chini. Asiyejua siri hiyo alidhani ya kwamba majimbo ya kwanza yana walimu bora kuliko yote.

Habari za Kwale ni nzito zaidi, maana hapa hasara imeingia kwa milango yote miwili. Wanaofika katika mtihani ni wachache kuliko inavyopasa, na katika hao wachache, wanaovuka C+ ni wachache tena.

KWA NINI BARA ILITANGULIA

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Shule za mwanzo katika Kenya zilifuata nyayo za misheni. Bw. Krapf na Bw. Rebmann walijenga Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakaanza Ribe mwaka 1862. Mahali hapo pawili ni Pwani, lakini ni kaskazini ya Kwale. Baadaye misheni zilipanda Bara, na huko zikaota shule kubwa kama Maseno, iliyoanza mwaka 1906, na Alliance ya Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926.

Wadigo walio wengi walikuwa Waislamu. Wazee wao hawakuwa maadui wa elimu. Kila mji ulikuwa na chuo chake, ambamo watoto walijifunza kusoma Kurani na kuandika herufi za Kiarabu. Walichokiogopa ni mtoto kwenda shule ya misheni na kurudi na dini nyingine. Serikali ya wakati ule ilijaribu kuiondoa hofu hiyo kwa kufungua shule yake Waa katika miaka ya 1920, lakini shule moja haikuweza kufikia yale yaliyofanywa na shule makumi.

Ikumbukwe ya kwamba elimu huzaa kama mnazi. Kijiji kilichopata shule mapema kilipata walimu mapema, na walimu hao wakafungua shule nyingine, na watoto wao wakazaliwa katika nyumba zenye vitabu. Kijiji kilichochelewa miaka 30 hakikuchelewa kwa kizazi kimoja tu. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 mtoto wa Kiafrika alipitishwa katika tundu za chekecheo tatu: mtihani wa darasa la nne, mtihani wa darasa la nane, kisha Cheti cha Cambridge. Sehemu yenye shule chache ilipeleka watoto wachache katika chekecheo la kwanza, na katika la mwisho ilibaki karibu mikono mitupu.

Hata vyuo vikuu vilichelewa kufika Pwani. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojengwa kwa vipawa vya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, ilianza kufundisha ufundi mwaka 1951. Lakini ilikuwa mwaka 2013 ndipo mrithi wake, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi, vilipopewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili.

MAHALI WANAPOPOTELEA

Sababu nyingine si za zamani. Ni za kila siku. Katika Diani na Ukunda, mvulana wa miaka 15 aweza kupata fedha ufuoni kwa kuwaongoza wageni, kuuza vinyago, au kubeba abiria kwa pikipiki. Jioni anarudi na noti mfukoni, na ndugu yake aliye shuleni anarudi na daftari. Ni vigumu kumwambia ya kwamba daftari lina thamani zaidi. Hata hivyo wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wageni, na hoteli zikafunga milango. Ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 ukafanya vivyo hivyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilicholisha nyumba nyingi za Msambweni, kilifungwa mwaka 1988. Machimbo ya titani ya kampuni ya Base, yaliyoanza kupeleka mchanga wake ng'ambo mwaka 2014, yalisimama Desemba 2024. Kazi hizo zote zilikuja na kwenda. Aliyekuwa na cheti alihamia kazi nyingine, na asiye nacho alirudi kungoja.

Katika Msambweni, Gazi na Shimoni, bahari nayo humwita mvulana, hasa wakati samaki ni wengi na baba ahitaji mikono. Katika Kinango na Samburu adui ni ukame. Mvua iliposhindwa kati ya mwaka 2020 na 2022, mifugo ilikufa, na mtoto alitembea kutafuta maji saa ambazo mwenzake wa mjini alikuwa akifanya hesabu. Karibu na Shimba Hills wako ndovu, ambao huharibu mashamba, na kwa hofu yao watoto hawawezi kutoka alfajiri kwenda shule iliyo mbali.

Msichana ana mizigo yake zaidi. Akipata mimba, watu wengi huhesabu ya kwamba masomo yake yamekwisha. Hiyo si sheria. Tangu mwaka 1994 Serikali ya Kenya imekuwa na mwongozo unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, naye si lazima arudi katika shule ile ile ikiwa anaona haya. Kizuizi kikubwa aghalabu si mwalimu mkuu, bali ni ulimi wa majirani na ukosefu wa mtu wa kumlea mtoto.

Iko pia sababu ambayo wengi hawaifikiri, nayo ni karatasi. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miaka mingi bila vitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Wapemba wa Pwani walikubaliwa mwaka 2023. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa husumbuka anapoandikishwa mtihani, na kijana asiye na kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa Chuo Kikuu. Akili yake yaweza kuwa kali kama wembe, lakini jina lake halimo katika orodha.

MISAADA ILIYOPO

Si kweli kwamba hakuna lililofanywa. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2008 Serikali ikaanza kulipa gharama za masomo katika shule za sekondari za kutwa. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kwale chini ya Gavana Salim Mvurya iliweka elimu mbele, na mpango wake wa kulipia wanafunzi karo, ulioitwa Elimu ni Sasa, ulijulikana nchini kote. Vijana kadha wa kadha waliosaidiwa hivyo wamekuwa madaktari, wahandisi na walimu.

Lakini karo humsaidia aliyekwisha fika mlangoni. Haimrudishi mvulana aliyeacha shule darasa la saba, wala haimwandikii cheti mtoto asiyejulikana kuzaliwa. Tena ada ikiondolewa, bado kuna sare, chakula cha mchana na nauli, na vitu hivyo vitatu humshinda mzazi ambaye pato lake ni madafu na korosho za msimu.

YALIYO MIKONONI MWA WAZAZI

Yako mambo ambayo hayangoji bajeti ya Nairobi wala ya Kwale. La kwanza ni swali. Matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi, mtu asimame aulize, "Watoto hawa walipoanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi? Na wale wasiokuwapo leo wako wapi?" Majina yao yamo katika daftari la shule. Kamati yenye watu watano waaminifu yaweza kuwatembelea wote kwa wiki moja, nyumba kwa nyumba.

La pili ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto angali mchanga, si mwezi wa kuandikishwa mtihani. La tatu ni msichana aliyejifungua. Nyanya mmoja akubalipo kumlea mjukuu kwa miaka miwili, ametoa msaada ambao hakuna mfuko wa karo uwezao kuulipa. La nne ni walimu wa vyuo vya Kurani, ambao maneno yao husikiwa kuliko ya afisa yeyote. Wakisema Ijumaa moja tu kwamba mtoto arudi shuleni, wengi watarudi.

Wanafunzi waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023 waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na zamu yao ya KCSE ni mwaka 2027. Nyuma yao wako watoto wa mtaala mpya, ambao nao watapimwa kwa mitihani yao. Mitihani hubadilishwa majina, lakini kiti kitupu hakibadiliki. Mzazi wa Diani au wa Msambweni atakaye kujua hali ya elimu katika kijiji chake asianzie na orodha ya waliofaulu. Aende shuleni asubuhi ya siku ya kawaida, asimame mlangoni mwa darasa, na ahesabu viti vitupu. Kisha aende nyumbani kwa wenye viti hivyo, akapige hodi.