Je, Wajua? Kijisanduku Kilichozima Magari ya Ford

Pikapu ya Ford F-150 ya miaka ya 1980 huwaka asubuhi bila shida na kubeba mzigo wake vizuri. Mchana, kwenye foleni, injini inakata ghafla. Fundi akifika nusu saa baadaye anapiga stata mara moja tu, injini inanguruma. Ubovu ameuona dereva peke yake, na dereva haaminiwi.

Mara nyingi chanzo ni kijisanduku kinachoenea kiganjani: moduli ya TFI, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya Ford mwanzoni mwa miaka hiyo. Kazi yake ni kukata na kurudisha umeme wa koili ili plagi zitoe moto kwa wakati. Kazi hiyo yenyewe huipasha joto. Na Ford wakaifunga wapi? Ubavuni mwa distribyuta, kwenye injini inayochemka! Chuma cha distribyuta ndicho kilichotegemewa kuinyonya joto, kwa msaada wa grisi maalumu inayopakwa katikati. Baada ya miaka ya kutanuka na kusinyaa, viungo vya ndani huweza kupata nyufa zinazoachana kwenye joto na kugusana tena zikipoa.

Tena, injini ikishazimwa, joto chini ya boneti huendelea kupanda kwa muda, kwa kuwa maji na feni vimesimama. Ndiyo maana gari lililoingia kituo cha mafuta bila kasoro hukataa kuwaka dereva akishalipa.

Kuipima moduli mezani ikiwa baridi ni kazi bure, itafaulu. Ubovu ukamatwe ungali moto. Mafuta yakikosekana, injini aghalabu hukohoa na kusitasita kabla ya kufa. Umeme wa plagi ukipotea, hukata papo hapo. Kwenye gari la gia za mkono, mshale wa mizunguko ukianguka sifuri huku magurudumu bado yanaizungusha injini, shuku umeme. Likikataa kuwaka, tazama kama koili inatoa cheche. Hakuna? Angalia kama nozeli zinapata umeme wa kufunguka. Zikipata, kihisi kilichomo ndani ya distribyuta kinafanya kazi, na moduli ndiyo ya kushukiwa. Zisipopata, huenda kihisi ndicho kibovu, nacho pia huugua joto. Kukibadilisha kunataka distribyuta nzima ing'olewe. Kitambaa chenye majimaji juu ya moduli, kisha injini ikawaka, ni ushahidi mzuri. Kikausha nywele hufanya kinyume chake: huurudisha ubovu gereji, mbele ya macho ya fundi.

Suala hili lilifika mahakamani California. Mwaka 2000 Jaji Michael Ballachey aliona kuwa Ford waliujua udhaifu huo na kuuficha, akaamuru magari yapatayo milioni 1.7 yarudishwe kurekebishwa. Mwaka 2001 pande mbili zikapatana. Kwenye baadhi ya magari ya baadaye moduli ilihamishwa mbali na injini, mahali ilipostahili tangu mwanzo.

Anayebadilisha leo anahitaji soketi nyembamba ya milimita 5.5, maana ya kawaida haiingii. Na apake grisi ile. Moduli mpya iliyofungwa kavu haitadumu.