Mganga Amemaliza Kazi Yake, Sasa Nyumba Ianze Yake

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto aliyepasuliwa mguu amekwisha kupona siku ile anapotoka hospitalini. Wamelipa, wamelala usiku mwingi sakafuni karibu na kitanda chake, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga. Basi wampakia kwenye pikipiki, warudi naye Kibumba, na majirani waja kuwapa pole na kuwapongeza. Furaha hiyo ni halali. Lakini tukisema kwamba kazi imekwisha, twajidanganya. Kazi ya mganga ilichukua saa chache; kazi ya nyumba itachukua miezi.

Tufikiri kidogo. Mfupa wa mtoto huunga upesi kuliko wa mtu mzima, lakini mfupa peke yake si mguu. Mguu ni misuli pia, na mishipa, na viungo. Msuli usiofanya kazi hupungua: plasta inapotolewa, mama hushtuka kuona paja moja limekuwa jembamba kuliko lingine. Goti lililokaa wiki nyingi bila kukunjwa hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Na zaidi ya hayo, mtoto mwenyewe amejifunza woga. Anaukumbuka uchungu, naye hataki kuukanyagia tena mguu ule. Asiposaidiwa, mfupa utakuwa umepona na mtoto atabaki akichechemea.

Mjini Goma, yapata kilometa 20 kusini ya Kibumba, wako watu wenye ujuzi wa kazi hii. Hospitali ya HEAL Africa iliundwa mwaka 2000 na Mganga Kasereka Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn. Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza majengo yake, nayo ikajengwa upya. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walianza kutibu majeruhi wa vita mwaka 2012. Katika kituo cha Shirika la Umoja watu waliopoteza miguu wamepewa miguu ya bandia na kufundishwa kutembea tena. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye sisi twamwita kine, ni rafiki mkubwa wa mtoto aliyepasuliwa.

Walakini wiki ina saa 168. Hata mtoto akipelekwa kwa kine mara moja kila wiki, akae naye saa nzima, zabaki saa 167, nazo zote ni za nyumba.

Ulimwengu umejifunza jambo hilo kwa watoto wazaliwao na nyayo zilizopinda kwa ndani. Mganga Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa huko Marekani na kufariki mwaka 2009, alionyesha kwamba nyayo hizo zanyooshwa polepole kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha mara nyingi mganga hukata kidogo mshipa wa kisigino. Baadaye mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa na ufito, saa 23 kila siku kwa muda wa miezi kama 3, halafu usiku tu mpaka afikie miaka kama 4. Ni nani avifungaye viatu hivyo kila usiku? Si mganga, ni mama na baba. Na sababu kubwa ya nyayo kupinda tena ni kwamba nyumbani walichoka, wakaviacha viatu mapema.

Yafaa basi wazazi wafanye nini?

Kwanza, wasiondoke hospitalini bila kuuliza. Je, mtoto aruhusiwa kuukanyagia mguu? Kuanzia siku gani, na kwa uzito gani? Ni mazoezi yapi, mara ngapi kwa siku? Arudi lini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi. Tena watu wawili wa nyumba ile wajifunze mazoezi mbele ya kine mwenyewe, ili mama akienda sokoni zoezi lisilale. Kila upasuaji una amri zake; tusifuate za mtoto wa jirani.

Pili, wafuate saa. Mazoezi ya kwanza huwa madogo sana: kuupandisha na kuushusha wayo; kulisukuma goti chini juu ya kitambaa kilichokunjwa, kuhesabu hadi tano, kuachia, na kurudia mara kumi. Mara nyingi huonekana kama mchezo, na ndiyo sababu watu huyadharau. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mara tatu kila siku kwa dakika kumi hufaa kuliko saa nzima siku ya Jumapili. Tena mtoto asiachwe kulala na mto chini ya goti usiku kucha kwa sababu tu amezoea. Goti lililozoea kukunjika halipendi kunyooka.

Tatu, magongo. Ardhi ya Kibumba twaijua: mawe ya volkano yenye makali, na matope wakati wa mvua. Seremala aundaye chukudu aweza kuchonga magongo mazuri na kuyavika chini mpira wa gurudumu kuukuu, kama avikavyo magurudumu yake, yasiteleze. Yapimwe: kichwa cha gongo kikome vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito uchukuliwe na mikono, si na kwapa, maana kuna mishipa pale iwezayo kuumia. Penye mwinuko mguu mzima hutangulia. Penye mteremko magongo na mguu mgonjwa hutangulia.

Nne, wazazi wajihadhari na huruma isiyo na akili. Bibi asikia mtoto akilia, asema: «Mwacheni, mjukuu wangu ameteseka vya kutosha.» Ambeba mgongoni, na siku ile imepotea. Tumemwona pia baba ashikaye fimbo. Wote wawili wampenda mtoto, na wote wawili wamdhuru. Zoezi huuma kidogo. Uchungu utulizao baada ya kupumzika si adui. Lakini uchungu uzidio usiku kucha, homa, usaha, wekundu unaoenea, vidole vilivyo baridi au vyenye ganzi, hayo ni maneno ya kumrudisha mtoto kwa mganga siku ile ile. Wala asipelekwe kwa mkandaji amkande kwa nguvu mahali palipopasuliwa.

Tano, shule. Sisi tulio walimu tuna sehemu yetu. Mtoto huyo aketishwe karibu na mlango, penye nafasi ya kuunyoosha mguu. Mwenzake ambebee mfuko. Atoke kabla ya wengine, asisukumwe. Na mwanafunzi atakayemwita kilema aonywe mara moja, kwa sababu jina la namna hiyo laweza kumrudisha mtoto nyumbani kabisa.

Labda msomaji atasema: «Hayo yote ni ya watu wenye amani.» Twajua. Mwaka 2022 vita viliwafukuza watu wengi wa Kibumba, wakalala katika vibanda vya turubai pale Kanyaruchinya. Na Januari 2025 vita vikaingia Goma penyewe. Mtoto wa magongo hawezi kukimbia, na njia ya kwenda kwa kine yaweza kufungwa siku yoyote. Lakini ndiyo sababu twasisitiza mzazi ajifunze. Anayekimbia huacha sufuria, huacha makabichi shambani. Zoezi alilolijua kwa moyo huenda naye. Halihitaji mashine wala umeme. Lahitaji mkeka, kitambaa kilichokunjwa na mtu mmoja wa kuhesabu.

Na mtu huyo asiwe mama peke yake. Mama ana maji ya kuteka mbali, ana shamba, ana watoto wengine. Baba achukue zoezi la jioni. Kaka na dada wahesabu kwa sauti pamoja na mgonjwa. Mkono mmoja haulei mwana, wala haunyooshi goti. Na chakula kikiwapo, maharage, maziwa au sambaza wa Ziwa Kivu, sehemu yake isisahauliwe, maana msuli haujengwi kwa viazi vitupu.

Wazazi wapendwa, itafika wiki ambayo hamtaona badiliko lolote. Hapo ndipo wengi huacha. Pimeni basi: wekeni alama ukutani mahali kisigino kinapofika kikinyanyuliwa, mpime tena baada ya siku kumi na nne. Mkiona alama imepanda kidole kimoja, mwonyesheni mtoto. Na isipopanda, rudini na karatasi yenu kwa kine, mmwulize kinachozuia.