Kisiwa Kinachoitazama Kesho

Tuseme ni Jumamosi ya mwezi wa Januari, saa sita za mchana, na wewe msomaji umesimama mlangoni mwa nyumba fulani katika kisiwa cha Diomede Ndogo. Ukitupa macho ng'ambo ya bahari utauona mlima mkubwa wa mawe. Pale mlimani ni Jumapili tayari, saa tatu za asubuhi. Si mazingaombwe, wala macho yako hayakudanganyi. Unaitazama kesho.

Chukua ramani ya dunia, hasa ikiwa una mtoto anayesoma jiografia, umwonyeshe mahali ambapo bara la Asia linakaribia kugusana na Amerika. Hapo ndipo palipo na mlango wa bahari wa Bering, na katikati yake kuna visiwa viwili. Kile cha magharibi, Diomede Kubwa, ni mali ya Urusi. Cha mashariki, Diomede Ndogo, kimo katika jimbo la Alaska, Marekani. Kutoka kimoja hadi kingine ni kama kilomita 4 tu, safari ambayo mkazi wa Nairobi angeitembea kwa miguu kutoka katikati ya jiji hadi Westlands bila kulalamika sana. Lakini mpaka wa mataifa hayo mawili unapita papo hapo, pamoja na ule mstari unaotenganisha tarehe duniani. Ndiyo maana saa zao hupishana kwa saa 21, au 20 wakati wa kiangazi.

Jina la Diomede lilitolewa na baharia Vitus Bering, raia wa Denmark aliyeitumikia Urusi, alipovipitia visiwa hivyo mwaka wa 1728 katika siku ya Mtakatifu Diomede. Wenyeji, ambao ni Wainupiat, walikuwako zamani na walikuwa na majina yao. Mwaka wa 1867 Urusi iliiuzia Marekani Alaska kwa dola milioni 7.2, na katika mkataba huo ikaandikwa kwamba mpaka utapita baina ya visiwa hivyo viwili. Wenyeji hawakuulizwa. Sisi wa Afrika tunaielewa vyema hadithi ya aina hiyo.

Hata hivyo, kwa miaka 80 hivi mstari huo ulibaki katika karatasi. Watu walivuka kwa mitumbwi ya ngozi, au kwa miguu bahari ilipoganda, wakaoana, wakawinda pamoja na kuzikana, kama vile mtu wa Busia au Namanga anavyovuka leo kwenda kumjulia hali shangazi yake. Kisha kukaja uhasama kati ya Marekani na Muungano wa Sovieti. Mwaka wa 1948 mpaka ukafungwa kabisa. Wakazi wa Diomede Kubwa wakahamishiwa bara, upande wa Siberia, na kisiwa chao kikaachiwa wanajeshi. Ndugu waliokuwa wakionana kila juma wakawa hawaonani tena. Vizazi vilivyofuata upande wa pili vikakua vikizungumza Kirusi. Hadi leo Diomede Kubwa haina kijiji, ila walinzi wa mpaka na watu wa kupima hali ya hewa.

Aliyewafanya walimwengu wakumbuke mahali hapo ni mwanamke Mmarekani, mwogeleaji Lynne Cox. Tarehe 7 Agosti 1987 alijitosa katika maji baridi kama ya kwenye friji na kuogelea kutoka Diomede Ndogo hadi Diomede Kubwa kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Desemba mwaka uo huo, Mikhail Gorbachev alimtaja Washington alipokwenda kutia saini mkataba wa silaha na Ronald Reagan. Mwaka wa 1989 serikali hizo mbili zilikubaliana kwamba wenyeji wa pande zote mbili wangeweza kutembeleana bila viza. Lakini ruhusa peke yake si chombo cha kuvukia, na siasa za huko hazitabiriki.

Je, wanaishije? Kijiji ni kimoja tu, kimebandikwa kwenye mteremko mkali ulioelekea Urusi. Hakuna barabara wala gari. Nyumba zimeunganishwa na vijia na ngazi. Hakuna mifereji ya maji nyumbani. Maji huletwa kutoka chemchemi ya mlimani na kuhifadhiwa katika tangi kubwa, na majira ya baridi yakirefuka hutumiwa kwa kubana. Kuna nyumba moja ya umma ya kuoga na kufulia nguo. Umeme ni wa jenereta. Mafuta na shehena nzito huja kwa meli msimu wa kiangazi, na barua huletwa na helikopta kutoka mji wa Nome, ulio mbali kwa zaidi ya kilomita 200. Tangu 2012 helikopta hiyo imekuwa ikibeba abiria pia. Ukungu ukitanda, basi. Unaweza kungojea siku nyingi na mizigo yako imefungwa.

Chakula chao hasa hutoka baharini. Huwinda sili, nyangumi na walarasi, yule mnyama mkubwa wa bahari mwenye pembe mbili kama za ndovu. Barafu ikikaza hutoboa tundu na kuvua kaa. Pembe za walarasi huchongwa vinyago na mapambo ya kuuza, na mafundi wa Diomede wana sifa kubwa katika kazi hiyo. Sheria ya Marekani ya 1972 inawaruhusu wenyeji wa Alaska kuwinda wanyama hao. Ajabu ni kwamba baadhi ya majimbo, ikiwamo California, katika kupambana na wauaji wa ndovu yamepiga marufuku pia biashara ya pembe za walarasi. Sheria iliyokusudiwa kumlinda ndovu wetu wa Tsavo imempunguzia soko mchongaji aliye kule mwisho wa dunia!

Linalotisha zaidi ni barafu yenyewe. Kwetu barafu ni kitu cha kutia kwenye soda. Kwao ni barabara, ni shamba, na zamani ilikuwa pia kiwanja cha ndege: bahari ilipoganda sawasawa, walisafisha ukanda juu yake na ndege ndogo zikatua. Miaka ya karibuni barafu mara nyingi haipati unene wa kutosha. Msimu wa baridi wa 2017/2018 barafu ya Bahari ya Bering ilikuwa chache kuliko misimu yote iliyowahi kupimwa. Barafu isipokuwapo, walarasi huwa mbali, mwindaji hana pa kusimama, na mawimbi ya dhoruba hupiga kijiji moja kwa moja bila ngao.

Si ajabu basi kwamba vijana wanaondoka. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 115. Ile ya 2020 ilipata watu 80 na ushei. Ajira kisiwani ni za kuhesabu: shule, duka, zahanati, ofisi za kijiji. Anayetaka chuo kikuu au kazi ya ofisini hana budi kupanda helikopta, na akishazoea maji ya bomba kule Anchorage, kurudi ni kazi.

Shule ipo, nayo hufundisha kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili, huku madirisha ya kijiji yakitazamana na Urusi. Lakini katika Alaska shule ikipungukiwa hata isifikishe wanafunzi 10, fedha za serikali hukatwa kiasi kwamba nyingi za vijijini zimefungwa. Katika kijiji cha watu 80, inatosha familia tatu au nne zenye watoto kuhama ili kuikaribia hesabu hiyo.